Alifu, Kafu, Fe

Bomani walikuwa wakisoma ushindi. Kila Jumamosi karani alisimama barazani na karatasi yake, akawaambia watu wa Shinyanga kwamba Mjapani amerudishwa nyuma, kwamba mto fulani umevukwa, kwamba mambo ni mazuri. Majina hakusoma. Mama aliyetaka kujua kama mwanawe yu hai aliambiwa asubiri barua, na barua zenyewe zilifika zimepakwa wino mweusi mpaka hujui aliyeandika alitaka kusema nini. Hayo ndiyo yaliyomfanya Mwaisha, mke wa Muhidini fundi cherehani, awe mtu wa maana katika mji ambao vinginevyo usingemtazama mara mbili.

Mwaisha aliuza vitumbua stesheni. Treni ya kutoka Tabora ilipita Jumatatu, ya kutoka Mwanza ikapita Alhamisi, na tangu askari waliojeruhiwa waanze kurudishwa kutoka Bama, kwenye vita vya Mjapani, mabehewa ya daraja la tatu hayakukosa wenye bandeji. Alipitisha sinia dirishani, na maswali yakafuata sinia. Jina lako nani? Ulikuwa kikosi gani? Ulimwacha nani huko, lini, katika hali gani? Ndani ya kanga alifunga daftari la shule, na humo aliandika kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuo cha Kurani utotoni, kwa sababu nyingine hakuzijua. Alasiri alizunguka majumbani kusema aliyoyasikia. Wa fulani ana homa, wa fulani amepandishwa cheo, wa fulani hajaonekana tangu mvua zianze. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Walimwita Bibi Simu. Walimpa mayai na karanga, kisha wakamsema akigeuza mgongo, maana mwanamke anayeingiza kichwa kwenye madirisha ya askari hawezi kukosa la kusemwa.

Muhidini aliyajua maneno hayo yote. Alishonea kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja, na barazani hakuna linalofichika. Alikuwa mtu mpole, hodari wa kushona suruali, mwoga wa macho ya watu kuliko wa njaa.

"Mama Sikujua, hivi vita vingekwisha wewe ungefanya kazi gani?" alimuuliza mkewe siku moja.

"Ningeuza vitumbua."

"Basi uza vitumbua."

Sikujua, binti yao, alikuwa ameolewa Tabora. Nyumbani walibaki wawili, na neno hilo lilikuwa halimaliziki.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1945, treni ilifika imechelewa na haikukaa. Katika behewa la nne kijana mwenye mkono uliotundikwa shingoni alitoa kichwa nje.

"Abari, mama. Ivyo vya moto?"

"Vya moto. Jina lako nani, mwanangu?"

"Thobias, wa Chato. Nimepewa likizo, wiki mbili. Alamisi ya tatu napita apa tena, narudi kambini Tabora."

Mwaisha aliandika. Thobias alikuwa kama wengi waliojifunzia Kiswahili jeshini: h aliimeza pale inapotakiwa na kuipachika pasipotakiwa. Mwaisha, mwanamke wa mjini aliyelelewa na shangazi kutoka pwani, alikuwa akiwacheka moyoni watu wa namna hiyo.

"Hasante," alisema Thobias kwa kinywa kilichojaa. "Wa kwenu apa namjua mmoja. Ignas. Kabla ya jeshi alikuwa mgodini Geita."

Mwaisha alimjua Ignas. Mama yake, Generosa, aliyekaa ng'ambo ya reli, alikuja kila Jumatatu akasimama langoni mwa stesheni na kaniki yake nyeusi begani, haulizi, anamtazama tu Mwaisha usoni.

"Yukoje?"

Treni ikapiga honi. Behewa likashtuka, likaanza kwenda. Mwaisha akaenda nalo.

"Tulipigwa mzinga," Thobias alisema juu ya kelele. "Ignas akaanguka, akufa..." Mengine yalikwenda na magurudumu.

Mwaisha aliandika huku anakimbia, sinia kichwani. Ignas, mzinga, akaanguka, akafa. Aliandika alifu, kafu, fe, wala irabu hakutia. Nani anatia irabu huku anakimbia?

Kwa habari ya kifo alikuwa na sheria yake. Kinywa kimoja hakitoshi, lazima viwe viwili. Siku hiyo alitoka langoni akiwa amekusudia kunyamaza mpaka apate cha pili. Lakini Generosa alikuwa pale.

"Uso wako umebadilika," Generosa alisema.

"Jua hili, mama. Shikamoo."

"Sitaki shikamoo yako. Sema."

Mwaisha alisema. Ndilo kosa lake la kwanza, na la pili hakuwa amelijua bado.

*

Waliomboleza siku tatu. Ng'ombe mmoja alichinjwa, katekista akasali, Generosa akanyolewa nywele, kisha Melania, mke wa Ignas, naye akanyolewa. Melania alikuwa na miaka kama ishirini. Hakulia kwa sauti, na wanawake hawakulipenda jambo hilo.

Bartholomeo, kaka yake Ignas, alifika kwa lori kutoka Geita. Kule mgodini alikuwa nyapara, mtu wa kuamuru na kuitikiwa, na alikuja na sauti ileile aliyokuwa akiitumia shimoni. Mkewe alikuwa amemkimbia mwaka uliopita. Siku ya tatu, watu wakiwa bado wanakula, alisema kwamba mke wa marehemu ni wa nyumba hii na hataachwa apotee. Atarudi kumchukua Ijumaa ya wiki ya tatu.

"Padri atasemaje?" mtu mmoja aliuliza.

"Padri atamlisha?"

Melania alikuwa akiosha sufuria. Aliendelea kuiosha ile ile.

*

Jumamosi Mwaisha alimpelekea mumewe chakula barazani. Palikuwa na mzee mmoja, askari wa vita vya kwanza, amevaa suruali mpya nusu kiunoni.

"Fundi, suruali ii ainitoshi," mzee alisema.

"Sema hainitoshi, mzee," Muhidini alimtania, pini mdomoni.

"Ndivyo nisemavyo. Ainitoshi."

Watu wa barazani walicheka. Mwaisha hakucheka. Aliweka bakuli chini taratibu, akatoa daftari kifuani, akalifungua kwenye ukurasa wa Jumatatu. Alifu, kafu, fe. Tia fataha, ile alama ya a, juu ya kafu, unapata akafa, mtu amekufa. Tia dhuma, alama ya u, unapata akufa, neno ambalo hakuna Mswahili anayelisema hivyo, na ndiyo sababu sikio lake la mjini lilikuwa limemsahihisha yule kijana palepale, bila kumuuliza. Kumbe kijana alimeza h, kama alivyoimeza ya habari na ya hapa. Akaanguka, hakufa.

Au alikufa kweli. Hilo ndilo lililomtoa jasho. Hakujua.

"Una nini?" Muhidini aliuliza.

"Nimemuua mtu," Mwaisha alisema, "na sijui kama amekufa."

*

Alikwenda peke yake, mchana kweupe. Generosa alikuwa amekaa kizingitini, kichwa kinang'aa kwa wembe. Bartholomeo alikuwa akifunga mzigo wake wa kurudi Geita. Mwaisha alipiga magoti akaeleza yote: honi, h iliyomezwa, irabu ambazo hakutia. Alieleza vizuri, na kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo lilivyozidi kuonekana jambo la kipuuzi.

"Jumatatu amekufa, leo hajafa," Bartholomeo alisema.

"Sisemi hajafa. Nasema sijui."

"Lete hilo daftari." Alilitazama huku amelipindua juu chini. "Nyayo za kuku. Mama yangu amenyolewa kwa nyayo za kuku."

"Baba, nilikosea. Nipeni mpaka Alhamisi ile kijana atakaporudi. Nitamuuliza."

"Mayu," Melania alisema kutoka ndani, kwa sauti ndogo, akimwita mama mkwe wake. "Tungengoja."

"Wewe nyamaza," alisema Bartholomeo.

Generosa ndiye aliyemaliza. Alisimama, akamsogelea Mwaisha karibu sana.

"Unataka nimzike mara ngapi?" alisema. "Nimelia nikamaliza machozi. Sasa unaniambia nitumaini tena, halafu Alhamisi uje na daftari uniambie kafu yako ilikuwa kafu, amekufa kweli. Toka. Ukija tena na jina la mwanangu mdomoni nitakumwagia maji ya moto, na Mungu anisamehe."

Mwaisha alitoka. Mlangoni alikutana na wanawake watatu wa jirani waliokuwa wamesikia kila neno. Hawakumpisha njia. Ilimbidi apite kwenye matope.

*

Bartholomeo hakuondoka mjini bila kupitia barazani. Alisimama mbele ya cherehani ya Muhidini, mbele ya wateja na wapagazi na wauza tumbaku, akazungumza kwa ile sauti ya shimoni.

"Wewe ndiwe mume wa yule mwanamke wa stesheni?"

"Ndimi."

"Ama humjui, ama unamjua na unanufaika. Anapanda na kushuka kwenye madirisha ya askari, anawachekea, akirudi anatuulia watoto. Kwetu mwanamume anaweza kumtuliza mkewe. Kwenu sijui."

Angekuwa peke yake, Muhidini angenyamaza, maana kunyamaza alikuwa amekuzoea. Lakini watu kumi na wawili walikuwa wakimtazama, na Mwaisha naye alikuwa anakuja kutoka upande wa soko, miguu imejaa matope. Muhidini akasimama.

"Sikieni nyote," alisema. "Mwaisha akikanyaga stesheni tena, ameachika. Talaka tatu."

Ilikuwa tatu. Angesema moja, angeweza kumrejea kabla eda haijaisha, na wote waliokuwapo walilijua hilo. Mzee wa suruali alisema, "Astaghafirullahi, fundi," akainamisha kichwa. Bartholomeo alitabasamu, akaenda zake kutafuta lori.

Usiku huo, Mwaisha alipokuwa akiondoa sahani, Muhidini alisema, "Si kazi ngumu. Usiende tu." Aliposema hivyo alionekana kama mtu anayeomba.

*

Mji ulimtenga kwa karibu wiki mbili. Kisimani walisogeza ndoo zao kabla hajafika. Jina la Bibi Simu lilikwisha. Sasa alikuwa Bibi Akafa, na wanaume waliokuwa hawajui hata habari ilianzaje walimwita hivyo barabarani. Alijaribu kuuza vitumbua sokoni, vikalala. Mwanamke mmoja ambaye Mwaisha alikuwa amempelekea habari njema za mwanawe mara tatu alimwambia, "Sasa sijui kama nizishike zile habari au nizitupe." Hilo lilimchoma kuliko matusi yote, kwa kuwa lilikuwa swali la haki. Watu wote aliosema wako hai, na wote aliosema wamekufa, sasa walikuwa katikati.

Jumatano kabla ya Ijumaa ya Bartholomeo, Melania alimfuata kisimani. Alijifunika kaniki mpaka machoni.

"Shikamoo, Mama Sikujua."

"Marahaba. Utapigwa ukionekana na mimi."

"Shemeji amefika jana. Lori linaondoka keshokutwa asubuhi." Melania alitazama ndani ya ndoo. "Mimi sikuombi useme yu hai. Nataka kujua tu. Kama amekufa nitakwenda Geita, nitafanya nini. Lakini nikienda halafu arudi anikute kwa kaka yake, nitamtazama na macho gani?"

"Kesho yule kijana anapita."

"Najua. Na mimi simjui uso."

"Anayemjua ni mimi peke yangu."

Melania alijua kuhusu zile talaka, mji mzima ulijua.

"Basi, mama," alisema, akajitwisha ndoo. "Nisamehe kwa kukuuliza."

*

Alhamisi Mwaisha alipika chakula cha mchana, akafagia, akavaa kanga safi. Alifunga daftari ndani yake. Muhidini alimwona akipita mbele ya baraza bila kugeuka na akajua. Alimfuata akimwacha mteja na suruali nusu. Walifika langoni mwa stesheni pamoja, tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni mwake.

"Rudi nyumbani, Mwaisha."

"Ulisema mbele ya watu."

"Nilisema kwa hasira."

"Basi nenda wewe. Mimi nitabaki hapa nje, nitakuonyesha uso wake. Muulize neno moja tu. Sikanyagi."

Muhidini alitazama ndani. Wale wapagazi wa barazani walikuwapo, wanatazama na kugusana viwiko. Fundi Muhidini kukimbia kando ya treni kwa kutumwa na mkewe, baada ya yote aliyoyasema? Treni ilikuwa tayari inaonekana.

"Mimi si mtu wa hivyo," alisema.

"Najua."

Mwaisha alimpenda mtu huyu kwa miaka ishirini na mbili, na pale langoni alimchukia. Alivua makubazi, akayashika mkononi, akakanyaga. Kokoto zilikuwa za moto. Nyuma yake alimsikia Muhidini akisema "Laa," polepole, mara moja tu.

Thobias alikuwa behewa la pili.

"Abari, mama wa vitumbua. Leo sinia iko wapi?"

"Leo sina. Uliniambia Ignas alianguka. Ikawaje?"

"Nilikwambia. Akufa."

"Alikufa?"

"Akufa."

"Mwanangu, nisikilize. Kaburi lake uliliona?"

Thobias alimkazia macho kama anayeona mtu mzima amepungukiwa. "Kaburi la nani? Mtu yuko ospitali India. Paja limepigwa. Kila siku analalamika wali auna chumvi. Nimekwambia akufa."

"Sema ha."

"Nini?"

"Ha. Hakufa."

"Akufa," Thobias alisema kwa subira, akiitamka vizuri kama mtu anayemfundisha mtoto.

Mwaisha hakujua kama anacheka au analia, na hakuwa na muda wa kujua. Nyuma ya uzio wa waya, upande wa reli, aliiona kaniki. Melania alikuwa amekuja. Mwaisha alimwonyesha Thobias.

"Yule ni mkewe. Watu wa nyumba yake hawatoniamini mimi. Mwambie kitu ambacho ni cha Ignas peke yake."

Thobias alifikiri. Kisha akapaza sauti juu ya kichwa cha Mwaisha. "Shemeji, mumeo ana udongo. Kaufunga kitambaa cheusi, anaulalia. Daktari alitaka kuutupa wakagombana, mpaka tukaitwa kuwaamua."

Melania alishika waya kwa mikono yote miwili. Kaniki ilidondoka, kichwa chake cha wembe kikawa wazi mbele ya stesheni nzima, na hakukifunika. Aliinua pindo la ile kaniki akamwonyesha Mwaisha. Palikuwa na pembe iliyokatwa kwa kisu.

"Sikumwambia hata mayu," alisema. "Udongo wa mlangoni. Kitambaa nilikikata hapa."

Mwaisha alifungua daftari. Safari hii alisimama wima na kuandika pole pole, treni ikae au iende. Ignas. Aliandika ha mwanzoni, kafu, fe, kisha akatia irabu zote, fataha, dhuma, fataha, moja moja.

*

Aliporudi nyumbani sanduku lake lilikuwa nje ya mlango. Limefungwa kwa kamba mpya, vizuri, kama fundi anavyofunga. Juu yake palikuwa na doti ya kanga aliyoijua: Muhidini alikuwa akiificha mpaka Idi. Yeye mwenyewe alikaa ndani, mgongo mlangoni.

"Yu hai," Mwaisha alisema.

"Nimesikia. Mji mzima umesikia." Muhidini hakugeuka. "Ulikuwa na haki. Nami neno limenitoka, siwezi kulimeza."

"Ungeweza kukimbia hatua ishirini."

Mwaisha alijitwisha sanduku akaenda kwa shangazi yake, Kijakazi, aliyekuwa na chumba nyuma ya soko. Kanga aliiacha kizingitini.

Ijumaa lori liliondoka. Bartholomeo alisema askari wote ni waongo, akasema udongo hauna ushahidi, akatishia kumburuta Melania mpaka ndani ya lori. Generosa alipatazama pale palipokatwa kwenye kaniki ya Melania, akakaa chini mlangoni kwake, njia ikafungika. Bartholomeo hakuweza kumruka mama yake mbele ya majirani, akaenda zake peke yake.

Jumapili, baada ya misa, Generosa alifika kwa Kijakazi. Hakuwa na mayai wala karanga. Alisimama mlangoni, kitambaa kimemkaa vibaya kwenye kichwa kisicho na nywele.

"Ng'ombe wangu alichinjwa bure," alisema.

"Ni kweli, mama."

"Na nywele zangu."

"Ni kweli."

"Sijakusamehe. Usidhani nimekuja kwa hilo." Alitazama daftari lililokuwa juu ya kitanda. "Kesho ni Jumatatu. Utakwenda?"

"Nitakwenda. Nani wa kunizuia?"

Generosa aliitikia kwa kichwa. Alipogeuka, Mwaisha aliona kwamba hakuja peke yake. Uani walikuwa wamekaa wanawake wanne, watatu kati yao ni wale waliokataa kumpisha njia, na mmoja yule aliyesema hajui kama azishike habari au azitupe. Hawakumtazama machoni. Mmoja baada ya mwingine walitaja majina ya watoto wao, wakataka asome upya, tangu mwanzo, kila mmoja.

Akawasomea. Pasipokuwa na irabu alisema, "Hapa sijui," na wao wakapokea hivyo hivyo, kwa chuki kidogo. Walipoondoka alichonga penseli kwa kisu cha shangazi yake, akafungua ukurasa mpya kwa ajili ya kesho. Alifikiri kidogo, kisha juu kabisa akaandika jina lake mwenyewe. Mwaisha. Ameachwa. Hakufa. Ha aliiandika kubwa, na irabu akatia zote.